Sindano Haiongezi Nguvu ya Dawa

Katika ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia mialo ya Ukerewe na Sengerema hadi kata za pembezoni mwa jiji la Mwanza kama Buhongwa, imeenea imani kwamba sindano ni tiba kali kuliko kidonge. Kwa imani hiyo, kidonge ni cha homa ndogo, sindano ndiyo ya ugonjwa wenyewe, na dripu ni ya aliyezidiwa au aliyechoka anayetaka kurudishiwa nguvu. Anayerudi nyumbani na pakiti ya vidonge huonekana hakutibiwa. Aliyechomwa huonekana amehudumiwa. Baadhi ya wenye zahanati na maduka ya dawa wanaijua imani hii na huifuata badala ya kuipinga, kwa kuwa sindano humridhisha mteja na hulipiwa bila manung'uniko.

Imani hiyo haina msingi katika elimu ya dawa. Njia ambayo dawa hupitia kuingia mwilini si kipimo cha nguvu yake. Sababu halali za kuchoma sindano ni tatu: dawa yenyewe haiwezi kupita tumboni ikabaki dawa, mgonjwa hawezi kumeza au hana muda wa kusubiri, au inatakiwa dawa ikae mwilini kwa wiki au miezi, ikitoka kidogo kidogo. Pasipo mojawapo ya hizo, sindano humwongezea mgonjwa maumivu, gharama na hatari, na haimwongezei uponyaji.

Sifa ilikotoka

Heshima ya sindano Afrika Mashariki ilijengwa na ugonjwa wa buba. Katika miaka ya 1920 na 1930, dawa za arseniki na bismathi zilizochomwa kwa sindano zilikausha vidonda vya buba kwa kasi ambayo hakuna dawa ya kunywa ya wakati ule iliyoifikia. Baadaye ikaja penisilini. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46 na kutibu watu wapatao milioni 50, wengi wao kwa sindano moja tu ya penisilini. Mtu aliyekuwa na vidonda kwa miezi aliviona vikikauka ndani ya siku chache.

Waliyoyaona watu yalikuwa kweli. Hitimisho ndilo lililokosewa. Kilichokausha vidonda ni arseniki, bismathi na penisilini, na sindano ilitumika kwa sababu dawa hizo hazikuwa na njia nyingine ya kuaminika. Mwaka 2012 utafiti uliofanyika Papua New Guinea ulionyesha kuwa dozi moja ya azithromaisini ya kumeza huponya buba sawasawa na sindano ya penisilini, na WHO ikaifanya kuwa tegemeo la mkakati wake mpya wa kutokomeza ugonjwa huo. Ugonjwa ulioipa sindano jina lake sasa unatibiwa kwa kidonge.

Malale yamepita njia hiyo hiyo. Kwa miongo mingi, mgonjwa wa malale ya Afrika Mashariki ambaye vimelea vimeshafika kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoprol, dawa ya arseniki iliyoyeyushwa katika propilini glikoli na kuchomwa kwenye mshipa. Kimiminika hicho kiliweza kuharibu mabomba ya plastiki, hivyo yalitumika ya kioo. Na dawa yenyewe iliua takriban wagonjwa watano katika kila mia waliotibiwa. Kama ukali wa sindano ungekuwa ndio ubora wa tiba, melasoprol ingekuwa bora kuliko zote. Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo unaoipa nafasi ya kwanza feksinidazoli, dawa ya vidonge iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, na melasoprol ikarudishwa nyuma.

Dawa inapochomwa

Sindano za kawaida huenda sehemu nne. Ya kwanza ni ndani ya ngozi, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15, kama chanjo ya kifua kikuu. Ya pili ni chini ya ngozi, mara nyingi kwa nyuzi 45, kama insulini. Ya tatu ni kwenye msuli, kwa nyuzi 90, kama penisilini ya benzathini. Ya nne ni kwenye mshipa wa damu, kwa bomba au kwa dripu. Ni katika njia ya nne peke yake dawa yote huingia kwenye damu papo hapo. Katika nyingine tatu, dawa huwekwa kwenye ngozi, mafuta au nyama, na ni lazima ifyonzwe kutoka pale kama vile kidonge kinavyofyonzwa kutoka utumbo mwembamba.

Kasi ya kufyonzwa hutegemea damu inayopita mahali hapo na namna dawa inavyoyeyuka. Mgonjwa aliyeishiwa damu au maji mwilini, ambaye mikono na miguu yake imepoa, hupeleka damu kidogo kwenye misuli, na dawa iliyochomwa takoni hukawia. Zipo dawa ambazo sindano ya msuli huzichelewesha kuliko kidonge. Dayazepamu ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa polepole na bila mpangilio, hali ikimezwa hufika haraka na kwa ukamilifu. Fenitoini, inayotengenezwa kwa kimiminika chenye pH ya 12 hivi ili iyeyuke, ikikutana na msuli hugeuka fuwele na kubaki palepale ikiunguza nyama. Kwa hiyo kauli kwamba sindano lazima ifike mapema ni sahihi kwa mshipa tu. Kwa msuli inategemea dawa.

Dawa nyingi za kumeza hufika kwenye damu kwa kiwango kinachokaribia kile cha mshipa. Metronidazoli ya kumeza huingia karibu yote. Amoksisilini huingia kwa sehemu kubwa na kufikia kilele ndani ya saa moja au mbili. Ikishafika kwenye damu, molekuli ya dawa haina kumbukumbu ya mlango iliopitia. Bakteria anayekutana nayo kwenye mapafu hukutana na kitu kilekile.

Mfano unaoonekana zaidi ni diklofenaki, sindano inayoombwa sana na wenye maumivu ya mgongo na viungo. Wanaoiomba huamini kuwa inawaepusha na vidonda vya tumbo. Diklofenaki huathiri tumbo kupitia damu, kwa kuzuia kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo hatari hiyo ipo hata kama dawa imepita takoni. Kinachoongezeka ni uwezekano wa nyama kufa pale ilipochomwa.

Masharti ya kiwandani

Mwili umejizungushia kinga: ngozi, asidi ya tumbo, ukuta wa utumbo, na ini linalochuja kila kinachotoka tumboni kabla hakijasambaa. Sindano hupita kinga hizo zote kwa mara moja. Ndiyo maana dawa ya sindano hutengenezwa kwa masharti ambayo kidonge hakiyahitaji, na masharti hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini sindano isiwe jambo la mazoea.

Sharti la kwanza ni kutokuwa na kiumbe hai chochote. Kipimo kinachokubalika ni kwamba uwezekano wa chupa kubaki na kijidudu usizidi moja katika milioni. Dawa zinazostahimili joto hutakaswa kwa mvuke wenye mgandamizo, kwa kawaida nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15. Zisizostahimili hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu ya mikroni 0.22, kisha hujazwa kwenye vichupa katika chumba ambacho kila mita ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu mikroni au zaidi.

Sharti la pili ni kutokuwa na sumu zinazoleta homa. Mnamo 1923 mwanasayansi wa Marekani Florence Seibert alieleza kwamba homa zilizowapata watu baada ya kuchomwa zilitokana na mabaki ya bakteria yaliyokuwa kwenye maji yaliyokenekwa. Bakteria wenyewe walikuwa wameshakufa, ila mabaki yao yalitosha kuleta homa na kutetemeka. Joto la mvuke haliyaondoi. Vyombo vya kioo huunguzwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa au zaidi. Kwa hiyo maji yaliyochemshwa nyumbani, hata yakichemka kutwa, hayawi maji ya sindano.

Sharti la tatu ni kulingana na damu. Chumvi ya asilimia 0.9 na glukosi ya asilimia 5 zimechaguliwa kwa sababu mkolezo wake unakaribia ule wa damu. Maji matupu ya kuchanganyia dawa, yakiingizwa kwa wingi kwenye mshipa, hupasua seli nyekundu. Makosa madogo ya kuchanganya yana matokeo makubwa pia: seftriaksoni ikikutana na kalisi iliyomo kwenye dripu ya Ringa hufanya chembe ngumu, na chembe za namna hiyo zimekutwa kwenye mapafu na figo za watoto wachanga waliofariki. Seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lidokaini ili isiume msulini haipaswi kabisa kuingia kwenye mshipa. Nayo penisilini ya benzathini, iliyotengenezwa kwa fuwele zinazoelea ili iyeyuke kwa wiki tatu au nne, ikipenya kwenye mshipa kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha moyo.

Sharti la nne ni kudumu. Atesuneti, dawa inayookoa wenye malaria kali, huharibika ikikaa kwenye maji. Ndiyo maana huja ikiwa unga mkavu wa miligramu 60, ukiwa na kichupa cha mililita moja ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5 cha kuuyeyushia, kisha huongezewa chumvi maji: mililita tano kwa mshipa au mbili kwa msuli. Dawa iliyochanganywa hutumika ndani ya saa moja, inayobaki hutupwa. Mchomaji asiyejua hayo, au anayetunza salio kwa ajili ya mgonjwa wa jioni, anachoma kimiminika ambacho huenda dawa imeshakwisha ndani yake.

Masharti hayo yanaonyesha kwamba dawa nyingi ziko kwenye vichupa kwa sababu ya udhaifu wake. Insulini huyeyushwa tumboni kama nyama. Jentamaisini ikimezwa karibu haifyonzwi kabisa. Kuwekwa kwenye kichupa ni njia ya kuukwepa udhaifu huo, na kwa dawa isiyo na udhaifu huo kichupa hakina kazi.

Ushahidi wa wodini

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali sita za Kenya, likiwa na watoto zaidi ya 500 wenye nimonia iliyofikia hatua ya kifua kubonyea. Nusu walipewa amoksisilini ya kunywa na nusu sindano za benzilipenisilini. Baada ya saa 48, tiba ilishindwa kwa watoto takriban wanane katika kila mia, katika kundi la kinywa na katika kundi la sindano vilevile. Tayari mwaka 2014 WHO ilikuwa imeagiza nimonia ya aina hiyo itibiwe kwa amoksisilini ya kunywa. Mzazi anayesisitiza mtoto achomwe sindano za kila baada ya saa kadhaa anaomba matokeo yaleyale kwa maumivu zaidi.

Kuhusu dripu, ushahidi ni mzito zaidi. Jaribio la FEAST lilihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda waliolazwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Baadhi walijazwa maji ya mshipa kwa haraka, kama ilivyoaminika kuwa sahihi; wengine hawakujazwa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliojazwa chumvi maji na asilimia 10.6 ya waliojazwa albumini, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiojazwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake na matokeo yakachapishwa 2011. Watoto wenye kuhara sana hawakuwamo, kwa hiyo matokeo hayafuti dripu ya kipindupindu. Yanafuta wazo kwamba maji ya mshipa hayana madhara.

Hata kwa kuhara, sifa kubwa ni ya kinywa. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh zilizokuwa India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu wakati wa kipindupindu na kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi wanywe. Vifo katika kambi hizo vilikuwa karibu asilimia 30. Vilishuka chini ya asilimia 4. Kwa miji na visiwa vya Ziwa Victoria, ambako kipindupindu kimerudi mara kwa mara, pakiti ya ORS, yenye chumvi na glukosi hizo, iliyo nyumbani humfikia mgonjwa mapema kuliko dripu iliyo hospitali. Dripu ni ya aliyeshindwa kunywa au aliyekwisha kulegea kwa kukosa maji.

Ile dripu ya kurudisha nguvu haina utetezi wowote. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya zilizomo katika chupa ya soda ya mililita 350. Nusu lita ya chumvi maji ina gramu 4.5 za chumvi na maji, basi. Vitamini zinazotiwa humo na kuipa rangi ya njano, kwa mtu asiye na upungufu, nyingi huishia kwenye mkojo. Anachonunua mteja ni kitanda, saa mbili za kupumzika, na tundu kwenye mshipa.

Malaria kali ndiyo ngome ya mwisho ya imani hii, maana hapo sindano kweli huokoa. Lakini jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa 2010 baada ya kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, linatoa funzo tofauti. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Makundi yote mawili yalichomwa. Tofauti ya uhai ilitokana na dawa iliyokuwa ndani ya bomba. Tena tiba ya atesuneti haiishii kwenye sindano: baada ya angalau saa 24, mgonjwa akiweza kumeza, ni lazima amalize dozi kamili ya dawa mseto. Anayechomwa mbili tatu, akapata nafuu na kuvipuuza vidonge, hubakiza vimelea vilivyoonja dawa moja tu. Hilo si jambo dogo Kanda ya Ziwa: mabadiliko ya vinasaba yanayoambatana na usugu dhidi ya artemisinini, jamii ya atesuneti, yaliyothibitishwa kwanza Rwanda, yameshagunduliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa.

Gharama ya sindano isiyo ya lazima

Madhara ya kwanza huupata mwili mmoja. Sindano iliyochomwa vibaya takoni huweza kugusa neva kubwa ya mguu, na mtoto aliyepelekwa akitembea akarudi akiburuta mguu. Mashariki mwa Uganda, katika eneo la Kumi, madaktari wameandika juu ya watoto wengi waliopooza au waliokauka misuli ya matako baada ya sindano, hasa za kwinini. Majipu ni ya kawaida zaidi na hutajwa mara chache.

Madhara ya pili ni ya jamii. Kwa makadirio ya mwaka 2000, sindano bilioni 16 zilichomwa kwa mwaka katika nchi zinazoendelea na zile zilizokuwa katika mpito. Zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa za tiba, si za chanjo, na takriban asilimia 40 zilitumia vifaa vilivyorudiwa bila kutakaswa. Mwaka huo pekee zilikadiriwa kusababisha maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini B, milioni 2 ya homa ya ini C na 260,000 ya virusi vya UKIMWI. Bomba la kutumika mara moja limepunguza hatari hiyo sana: kufikia 2010 sehemu ya sindano za kurudiwa ilikadiriwa kushuka hadi asilimia 5.5. Ila makosa yaliyobaki huua kwa mkupuo. Yambuku, nchini Kongo, mwaka 1976, hospitali iligawa mabomba matano kila asubuhi kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi, na Ebola ikaenea kwa njia hiyo. Waliougua walikuwa 318 na waliofariki 280. Kapoeta, Sudan Kusini, Mei 2017, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua iliyotumia bomba moja la kuchanganyia kwa siku nne, na chanjo isiyohifadhiwa kwenye baridi.

Madhara ya tatu ni usugu. Tafiti za matumizi ya antibiotiki katika hospitali za Tanzania zimeikuta seftriaksoni ya sindano ikiwa miongoni mwa zinazotumika kupita zote, mara nyingi bila kipimo cha maabara kuthibitisha haja yake. WHO imeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari. Watafiti wa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza na chuo chake wameeleza kwa miaka mingi juu ya bakteria wanaovunja dawa za jamii hiyo, wakiwemo wanaoshambulia damu ya watoto wachanga. Kila seftriaksoni inayochomwa kwa mafua ya virusi inawafundisha bakteria hao kazi.

Madhara ya nne ni taka. Kila sindano huacha ncha. Ncha iliyotumika ikimchoma mtu, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B hufikia asilimia 30 kwa asiyechanjwa, na virusi vya UKIMWI takriban asilimia 0.3. Kwa utaratibu, ncha huwekwa kwenye kisanduku cha usalama na kuteketezwa. Zahanati inaweza kuufuata. Anayechomwa chumbani kwake au kambini kwa wavuvi hana kisanduku, na ncha yake huchanganyika na taka za nyumbani. Taka za jiji la Mwanza mwisho wake ni dampo la Buhongwa, na watu wa kwanza kukutana na ncha hiyo ni wakusanyaji na waokotaji wa taka, ambao hawakuugua wala kutibiwa.

Hoja za watetezi

Watetezi wa sindano wana hoja, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa humaliza dozi, hali vidonge huachwa homa ikipungua. Hoja hii ni ya kweli kwa sindano zilizotengenezwa kukaa muda mrefu. Kaskazini mwa Uganda, jaribio lililohusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za awali za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, lililochapishwa 2021, lilionyesha ugonjwa ukiendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini ya benzathini kila mwezi, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Mwaka 2024, katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa lenakapaviri mara mbili kwa mwaka aliyepata virusi vya UKIMWI. Hizo ni sindano zinazostahili jina lake. Sindano ya kila baada ya saa nane haina sifa hiyo: ni rahisi kukosa miadi ya usiku kuliko kukosa kidonge kilicho kando ya kitanda.

Ya pili ni kwamba vidonge vya maduka ni bandia. Dawa bandia na duni zipo, lakini hazichagui umbo, na kichupa kilicho duni ni hatari zaidi kwa sababu hakipiti kinga yoyote. Mwaka 2012 nchini Marekani, nchi yenye udhibiti mkali, sindano za steroidi zilizochafuliwa na kuvu katika kampuni moja ya kuchanganya dawa zilisababisha watu zaidi ya 700 kuugua na zaidi ya 60 kufa. Jibu la dawa duni ni kununua penye usajili na kuripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Ya tatu husemwa na wengi: fulani alimeza vidonge hakupona, alipochomwa akapona. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe kati ya siku ya tatu na ya saba, na mgonjwa hutafuta sindano ugonjwa ukiwa kileleni, yaani karibu na kuanza kushuka. Nguvu ya matarajio nayo ni halisi: tafiti za wagonjwa wa maumivu ya goti zimeonyesha kuwa sindano isiyo na dawa hutuliza kuliko kidonge kisicho na dawa. Huo ni ushahidi wa nguvu ya imani, na ndiyo hasa inayobishaniwa hapa.

Ya nne ni kwamba wagonjwa ndio wanaodai. Mkoa wa Mwanza una jibu lake. Utafiti uliofanyika mkoani humo na kuchapishwa 1996 ulipima kwa pamoja maagizo ya watabibu, madai ya wagonjwa na usafi wa vifaa vya kuchomea. Mwingine uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa uchomaji uliboreka baada ya kuletwa miongozo ya tiba na ya utakasaji. Desturi hii, kwa hiyo, hubadilika watabibu wakiamua kuibadilisha.

Kipimo cha haki

Sindano ibaki mahali pake: chanjo, insulini, oksitosini kwa mama anayejifungua, jentamaisini kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu, atesuneti kwa aliyezidiwa na malaria, penisilini ya mwezi kwa mtoto wa moyo, dripu kwa aliyelegea kwa kuhara. Duka la dawa liuze dawa na lisichome. Mtabibu anayeandika sindano aweze kutaja ni ipi kati ya sababu tatu inayomlazimisha, na mgonjwa au mzazi amwulize: je, dawa hii haina ya kumeza? Ikiwa ipo, na mgonjwa anameza bila kutapika, na hali yake si ya dharura, sindano hiyo isichomwe.